Tundu halipangiwi kiasi: masharti ya mipaka kwenye modeli za mabomba yanayovuja

Hotuba kwa wahandisi vijana wa maji na wanafunzi wa uhandisi, imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, wahandisi wenzangu mliotoka mamlaka za maji, na nyie wanafunzi mliobanana kule nyuma karibu na feni: itifaki imezingatiwa, tuingie kazini.

Mada niliyopewa ina jina refu, lakini kiini chake ni hiki. Unapotaka kompyuta ikuhesabie jinsi maji yanavyopita kwenye bomba lenye tundu, kuna mambo ambayo wewe ndiye unayetakiwa kuiambia, na kuna mambo unayotakiwa kuyasubiri kutoka kwake. Ukiyachanganya, kompyuta hailalamiki. Itakuchorea picha safi yenye bluu na nyekundu, utaibandika kwenye ripoti, bosi ataisifu, na hesabu yote itakuwa hewa.

Sina haja ya kuwaeleza watu wa Dar es Salaam kwa nini jambo hili lina uzito. Maji yanatolewa mtoni Ruvu, yanasafishwa kwa dawa na umeme wa gharama, yanasukumwa hadi matenki ya Kimara, kisha yanashuka mitaani na sehemu yake inaishia ardhini kabla ya kufika kwenye mita ya mtu yeyote. Si upotevu wote unaotokana na matundu, maana wapo wanaojiunganishia kinyemela na zipo mita zilizochoka. Leo nazungumzia matundu.

Tuchukue bomba moja tulitazame mpaka mwisho. Ni la plastiki, kipenyo cha ndani milimita 100. Maji yanakwenda kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, yaani lita 7.85 kila sekunde. Presha ndani yake ni baa 3. Ubavuni lina tundu la duara la milimita 5, dogo kiasi kwamba fundi akilikuta anaweza kuliziba kwa kidole. Kanuni ambayo Torricelli aliichapisha mwaka 1644 inatosha kutupa makadirio: kasi ya maji yanayotoka ni kipeuo cha pili cha presha mara mbili gawanya kwa densiti, yaani mita 24 na nusu kwa sekunde. Zidisha kwa eneo la tundu, kisha zidisha tena kwa 0.6, kizio cha kupunguza, kwa sababu maji hujibana yanapopita kwenye ukingo mkali. Unapata kama lita 1,040 kwa saa. Kwa siku ni karibu lita 25,000, madumu ya lita 20 yapatayo 1,250, kutoka kwenye kitundu cha kuzibwa kwa kidole.

Shikeni namba hiyo, 1,040. Sasa tuingie kwenye kompyuta.

Huwezi kuweka mtandao mzima wa mabomba wa Dar es Salaam kwenye modeli ya pande tatu. Unakata kipande, tuseme cha mita 2, tundu likiwa katikati. Ulipokata pametokea midomo miwili, wa kuingilia na wa kutokea, na tundu lenyewe ni mdomo wa tatu. Kwenye kila mdomo kompyuta inakuuliza: huku nje kuna nini? Haijui kama bomba linaendelea kilomita nne hadi tangi lililo juu ya kilima au linamwaga kwenye ndoo uani kwa mtu. Jibu unalolitoa hapo ndilo tunaloliita sharti la mpaka.

Anachofanya mwanafunzi mara nyingi ni hiki. Mdomo wa kuingilia anaweka kasi, mita 1 kwa sekunde. Mdomo wa kutokea anaweka presha sifuri, kwa sababu ndivyo mfano wa kwanza aliojifunzia ulivyoweka, na programu nyingi zinakuja na sifuri hiyo tayari imejazwa. Tundu nalo analiwekea sifuri, kwa kuwa linavujia hewani. Anabonyeza kitufe, hesabu inatulia vizuri, na jibu linakuja: uvujaji lita 18 kwa saa.

Lita 18! Bomba lile lile, tundu lile lile, kasi ile ile. Zimekwenda wapi lita zaidi ya elfu moja?

Hazikwenda popote. Ukiweka sifuri kwenye mdomo wa kutokea umeiambia kompyuta kwamba mita 1 baada ya tundu bomba limeishia hewani. Presha pekee iliyobaki kwenye tundu ni ile ya kushinda msuguano wa hiyo mita moja, na kwa bomba laini lenye namba ya Reynolds (kipimo cha mtiririko ulivyo na msukosuko) ya 100,000 hiyo ni kama paskali 90. Sisi tulisema baa 3, yaani paskali 300,000. Uwiano wa hizo mbili, ukichukua kipeuo chake cha pili, ni kama 58, na ndiyo sababu jibu limepungua mara 58. Kompyuta imepiga hesabu sahihi kabisa ya bomba lingine.

Dawa yake ni nyepesi. Kama ulipima kasi upande wa juu, maji yanakotoka, na presha upande wa chini, yanakokwenda, weka kasi kwenye kuingilia na presha halisi uliyoipima kwenye kutokea, tundu liache na presha ya hewa. Kama ulipima presha pande zote mbili, weka presha pande zote na uiache kompyuta itafute kasi yenyewe, ila ujue kwamba kwenye kipande kifupi tofauti ya presha kati ya midomo ni ndogo mno, na geji ikikosea kidogo tu itakuharibia kasi yote. Mimi napendelea presha jumla (presha ya kawaida pamoja na ile ya mwendo wa maji) upande wa juu na kiasi cha mtiririko upande wa chini, hasa pale ambapo mita ya wateja iko upande wa chini wa tundu. Hesabu yake inatulia haraka na inalingana na vile vifaa vyetu vilivyokaa mitaani.

Kitu kimoja sikikubali, na nimekiona hata kwenye kazi za watu wazima: kuweka kasi kwenye midomo yote mitatu. Mtu anaweka lita 7.85 kuingia, 7.56 kutoka, halafu kwenye tundu anaweka tofauti yake. Hapo uvujaji ameuamua yeye. Modeli imebaki kazi ya kuchora. Kiasi kinachovuja ndicho tulichotaka kukijua, sasa ukikiandika mwenyewe kwenye faili la kuanzia, umeuliza nini?

Kwa wale wanaotumia OpenFOAM, programu ya kuhesabu mtiririko, na naona wengi mnaitumia kwa sababu ni bure, kuna mtego mwingine. Kwenye hesabu za maji yasiyobanwa, zile za simpleFoam na wenzake, presha inayoandikwa kwenye faili ni presha iliyogawanywa kwa densiti. Baa 3 huandikwa 300, haiandikwi 300,000. Ukiandika 300,000, maji yatatoka kwenye tundu kwa mita 775 kwa sekunde, na utashangaa kwa nini hesabu yako inalipuka. Na kwa kuwa hesabu hizi zinaangalia tofauti ya presha tu, ukiweka kutokea 300 na tundu sifuri, au kutokea sifuri na tundu hasi 300, jibu ni lile lile. Msitishike mkikuta mtu ameandika hasi.

Mdomo wa kuingilia una jambo dogo la ziada. Ukiweka kasi sawa kwa sawa kutoka ukuta hadi ukuta, maji yanahitaji umbali kabla hayajapata umbo lao la kawaida, haraka katikati na polepole pembeni. Kwa bomba letu umbali huo ni kama vipenyo 30, yaani mita 3, wakati kipande chetu kizima ni mita 2. Kwa hiyo ama urefushe bomba, ama uingize umbo la kasi lililokwisha kukomaa, ama utumie njia ya kuchukua kasi kutoka ndani ya bomba na kuirudisha mdomoni mpaka itulie. Msukosuko wa kuingilia weka asilimia 4 hivi ya kasi, na ukubwa wa mizunguko yake ya maji milimita 7, ambayo ni asilimia 7 ya kipenyo. Kwa swali la uvujaji haya yana athari ndogo kuliko ile sifuri niliyoisema, kwa hiyo msipoteze wiki nzima hapo.

Ukuta: maji yanayogusa ukuta hayatembei, hilo tunalo tangu karne ya kumi na tisa. Sitakaa hapo. Ila fomula za ukuta zinazotumika kwenye k-epsiloni, modeli ya msukosuko inayotumika sana, zilitengenezwa kwa maji yanayokwenda sambamba na ukuta kwa utulivu. Ukingoni mwa tundu maji yanakata kona kali na kuachana na ukuta, na fomula hizo hazina habari na kona. Hapo wekeni vijichumba vya hesabu, vile vipande ambavyo kompyuta inaligawa bomba, viwe vidogo vya kutosha, hesabu ishuke mpaka ukutani yenyewe.

Tundu lenyewe linahitaji subira. Wengi huchora duara kwenye ngozi ya bomba na kuliwekea presha ya hewa palepale. Jamani, bomba la plastiki la ukubwa huu lina unene wa milimita 5 hivi, sawasawa na upana wa tundu letu. Maji yanajibana yakiwa bado ndani ya huo unene. Kama ukuta ni mwembamba, yanatoka yakiwa yamebanwa na kizio kinabaki karibu na 0.6. Kama ni mnene vya kutosha, yanapanuka tena, yanagusa ukuta wa tundu, na kizio kinapanda hadi karibu 0.8. Tofauti ya 0.6 na 0.8 ni theluthi moja ya uvujaji wote! Unene wa bomba lazima uchorwe, na baada ya unene huo lazima uchore na nafasi ya nje, upana wa vipenyo kadhaa vya tundu, ndipo uweke mpaka wa presha. Mpaka ukae mahali ambapo maji yameshatulia kiasi. Ukiuweka kwenye mdomo wa tundu, unalazimisha presha iwe sawa kwenye duara zima, na haiko sawa.

Halafu kuna swali la hiyo nafasi ya nje. Ina nini ndani yake?

Nimesema hewa mpaka sasa ili hesabu iende. Lakini wangapi hapa mmesimama kwenye shimo na fundi wakati bomba halijafungwa? Anachimba kwa sururu mpaka udongo uwe tope, anaweka sururu chini, anaanza kuzoa kwa mikono. Akilifikia bomba, unaona mchanga uliolizunguka tundu unatokota kama uji. Fundi anapapasa mle ndani kwa vidole, anakwambia "liko hapa, kwa chini", na mara nyingi lipo kwa chini kweli. Akiutoa mkono, mchanga unarudi na kuendelea kuzunguka.

Mchanga ule unaozunguka si mapambo. Mtafiti Kobus van Zyl na wenzake walilitazama jambo hili maabara na kuchapisha mwaka 2013, wakitumia shanga ndogo za kioo badala ya udongo ili waone ndani. Walichokiona ni kwamba mchirizi wa maji unaotoka kwa kasi unatengeneza kishimo cha chembe zinazoelea na kuzunguka, na sehemu kubwa ya nguvu ya maji inaishia humo humo, karibu na tundu. Nje ya kishimo maji yanapenya taratibu kama yanavyopenya kwenye udongo wowote. Kwa mtu wa modeli hii maana yake ni kwamba nje ya tundu kuna maeneo mawili yenye tabia mbili tofauti. Ukijaza udongo wote kwa kanuni ya Darcy, ambayo ni ya maji yanayopenya polepole, utakuwa umeliziba tundu kwa udongo uliokaa kimya, na uvujaji utaupata mdogo kuliko uliopo. Ukisema hewa tupu, unaupata mkubwa kidogo. Kwa tundu dogo lenye presha kubwa mimi naanza na maji nje, presha ya nje nikiipima kutokana na kina cha maji ardhini, halafu naongeza udongo baadaye kuona jibu linasogea kiasi gani. Na kumbukeni zile chembe zinaparua bomba kwa nje saa zote ishirini na nne. Tundu la leo si tundu la mwakani.

Sasa nije kwenye mgao, maana hapa ndipo modeli nyingi zilizotoka kwenye nchi zenye maji masaa yote zinatuacha njiani.

Maji yakikatwa, presha inashuka. Bomba liko kwenye mteremko, wateja wa bondeni wanaendelea kufungua koki, maji yanashuka, na kule juu presha ndani ya bomba inaweza kwenda chini ya presha ya hewa. Tundu bado lipo. Shimo limejaa maji yaliyovuja jana, na mita mbili kutoka hapo kuna choo cha shimo. Maji yanarudi ndani. Yakiwashwa tena, mteja wa kwanza kufungua koki ndiye anayeyapokea.

Kama tundu lako umeliwekea sharti la "kutoka tu", modeli haiwezi kuliona hilo. Mojawapo ya mambo mawili litatokea: hesabu italipuka, au programu itajenga ukuta wa uongo pale maji yanapotaka kurudi, ikuandikie onyo ambalo hulisomi. Sharti linalofaa ni lile linaloruhusu pande zote mbili: presha imewekwa, mwelekeo unaamuliwa na hesabu. OpenFOAM inayo tayari, unaweka presha jumla nje na kasi ya aina ya pressureInletOutletVelocity. Uchafu nao unahitaji sharti lake. Maji yanapotoka, uchafu unatoka kwa kiwango kilichomo ndani ya bomba, huna cha kuamua. Yanapoingia, lazima useme maji ya nje yana kiwango gani. Ukisahau hilo la pili, modeli itaingiza maji ya shimoni yakiwa safi kama ya chupa, na ripoti yako itasema hakuna hatari ya kipindupindu.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, bomba likijaa upya linajaa pamoja na hewa, na hapo unahitaji hesabu ya maji na hewa kwa pamoja. Hiyo ni hotuba nyingine.

Kuna mpaka mmoja zaidi ambao watu hawauhesabu kama mpaka: ukuta usiocheza. Tumechukulia tundu lina milimita 5 presha ikiwa baa 1 na milimita 5 presha ikiwa baa 6. Kwa duara kwenye chuma, sawa. Kwa ufa mrefu kwenye plastiki, si sawa, presha ikipanda ufa unafunguka. Mwaka 1994 John May wa Uingereza aliliweka hili kwenye kanuni: tundu lisilobadilika, uvujaji unafuata presha kwa kipeo cha 0.5, ufa unaofunguka, kipeo kinapanda kuelekea 1.5. Msidhani ni mambo ya vitabuni. Mamlaka inataka kununua valvu ya kupunguza presha, na mkurugenzi anauliza tukishusha presha nusu tutaokoa nini. Kwa kipeo cha 0.5 uvujaji unabaki asilimia 71. Kwa 1.5 unabaki asilimia 35. Modeli yenye ukuta mgumu itampa jibu la kwanza daima, bomba liwe lolote, na valvu itaonekana ina faida ndogo. EPANET, programu ya kuhesabu mitandao ya maji, nayo inakuja na 0.5 kama hukuibadilisha.

Wenzetu wa gesi, mliopo kwa sababu ya bomba la Mtwara hadi Dar es Salaam, ninyi mna afadhali kwa upande mmoja. Presha ya ndani ikizidi ya nje kwa karibu mara mbili, gesi inatoka kwenye tundu kwa kasi ya sauti, na kiasi kinachotoka hakijali tena nje kuna nini. Mpaka wenu wa nje unaathiri wingu linavyosambaa tu. Sisi wa maji hatuna bahati hiyo.

Baada ya hapo mwenyekiti alifungua maswali. Lililonigusa aliliuliza dada mmoja wa mwaka wa nne: "Mwalimu, umesema tuweke presha halisi. Mtaani kwetu hakuna geji hata moja. Tunaipata wapi?"

Nilimjibu hivi. Geji ya kufunga kwenye koki ya mteja inapatikana kwa fundi yeyote mwenye vifaa vya kujaribia mabomba. Nenda saa nane usiku mpaka saa kumi, wakati watu wamelala na wateja karibu wote wamefunga. Usiku kama huo msuguano ni mdogo, geji kwenye koki inasoma karibu presha ile ile ya bomba la mtaa, na mtiririko unaopita kwenye mita ya eneo muda huo kwa sehemu kubwa ni uvujaji. Andika na mwinuko wa mahali geji ilipokaa, maana kila mita 10 za kupanda zinakula baa 1. Hakikisha koki hiyo haijaunganishwa na tangi la mteja la juu ya paa, usije ukapima tangi lake.

Na kama geji haijapatikana mpaka siku ya kuwasilisha? Piga hesabu tatu, kwa baa 1, baa 2 na baa 3. Kwa tundu letu utapata lita 600, 850 na 1,040 kwa saa. Hujui presha kabisa, na bado majibu yako ya mwisho hayajapishana hata mara mbili, wakati sifuri iliyojazwa na programu ingekupa 18. Ziandike zote tatu kwenye ripoti, na chini yake uandike: geji inahitajika, koki ya nyumba fulani, saa nane usiku.